Kilio cha Wahiba

Kazi yangu ni kusahihisha ndimi. Waigizaji wa Kairo wanapokuja huku kwetu Saidi, kusini mwa Misri, kurekodi tamthilia za Ramadhani, huongea kama wenye kiazi cha moto mdomoni, nami Rifai, mzaliwa wa Sohag, hukaa nyuma ya kamera nikiwarekebisha. Miaka kumi na minne sasa. Nimeona mabinti wakiuawa na kaka zao kwa lahaja yangu safi kabisa, na kila mara kamera humwacha binti sakafuni ikamfuata kaka: sharubu zake, chozi lake, zumari ikimlilia kwa nyuma. Nchi nzima inafuturu huku ikimwonea huruma muuaji. Inaniudhi, na mshahara nakula.

Mwaka ule mwongozaji, Ustadhi Hazim, alitaka mwombolezaji wa kweli. Nikamtajia Ratiba wa kijijini kwetu.

Ratiba alikuwa na miaka sitini na tatu, mjane, mfuga bata. Wanawake wetu wote hulia msibani, lakini Ratiba alitunga beti papo hapo, kitambaa cheusi mkononi, uso umepakwa bluu ya kufulia. Alipomlilia mama yangu, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na ndiyo kwanza nikamjua mama yangu alikuwa nani. Namwogopa mpaka leo kwa ajili hiyo.

Jambo moja sikutaka kulifikiria. Huku kwetu binti akiuawa na ndugu zake kwa kile wanachokiita aibu, haliliwi. Mlango unafungwa, matanga hayawekwi, jina halitajwi tena. Na Ratiba alikuwa na mdogo wake, Wahiba, aliyeuawa na kaka yao Dahi akiwa na miaka kumi na saba, kisa maneno ya mpita njia. Miaka arobaini na moja ilikuwa imepita. Mwanamke aliyelilia kijiji kizima hakuwahi kumlilia huyo.

Alifika asubuhi, akatazama nyumba tuliyokodi, taa, nyaya, sanda.

"Maiti nani?"

"Msichana, shangazi. Kwenye hadithi anaitwa Nagwa."

"Kafa vipi?"

"Kaka yake."

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "We Rifai, hukumwambia bwana wako kuwa huyo haliliwi?"

"Nilimwambia. Kasema watazamaji wanapenda kilio."

"Hee! Kumbe ujinga wa watu wa Kairo una heri yake." Akakunja mikono ya gauni lake. "Bluu iko wapi?"

Mwigizaji aliyekuwa maiti, binti mmoja anaitwa Yara, alikuwa amelala kwenye sanda akitafuna ubani. "Mama, tafadhali usinidondoshee hiyo bluu usoni, haitoki!"

"Tema hicho kitu ulale, mwanangu. Maiti hana mdomo."

Karatasi ya Hazim ilisema hivi: Ratiba alie kidogo, kisha kamera igeuke kwa kaka aliyesimama mlangoni. Ratiba akasimama pembeni ya Yara, akazungusha kitambaa kichwani, akafungua kinywa.

"Wahiba, Alhamisi nilikusuka nywele,
Ijumaa wakaninyima kuzifumua.
Wahiba, niliufagia ua kwa mkono huu,
hakuna aliyeuliza nafagia nini."

Alitaja viatu vya Wahiba vilivyochomwa. Alitaja alivyokuwa akicheka kwa kuziba meno. Alimtaja Dahi kwa jina, akamuuliza mkono wake ulilala upande gani usiku ule. Sijui alilia kwa muda gani. Mafundi wa taa walivua kofia. Maiti alikuwa akitokwa na machozi, yakimwingia masikioni, na hakuthubutu kuyafuta. Mpiga picha alipaswa kugeuza kamera kwa kaka, hakuigeuza. Yule nyota aliyeigiza kaka, na sharubu zake zote, alibaki mlangoni bila wa kumwangalia, akaishia kuchuchumaa chini na kujifunika uso. Sijaona kitu kikubwa kama kile katika kazi hii, wala nje yake.

Walipomaliza, msaidizi wa Hazim akaninong'oneza, "Kakosea jina. Mwambie arudie, aseme Nagwa."

Nilikwenda, nikijichukia njia nzima.

"Sikukosea," Ratiba alisema, akifuta bluu. "Mkilitoa jina, na sauti yangu muitoe. Nendeni mkalie wenyewe."

Hazim alikuwa amesikia. "Liacheni," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwongozaji.

Ilionyeshwa Ramadhani, sehemu ya kumi na moja, mara baada ya futari. Kairo walidhani Wahiba ni jina la utani la Nagwa. Kijijini hakuna aliyedhani hivyo. Nilikuwa kwetu, nikaisikia sauti ile ikitoka madirisha yote kwa pamoja, na mkahawani wanaume waliacha dhumna wakatazama miguu yao. Nilihofu watamfanyia Ratiba nini.

Kulipokucha nikaenda kwake mbio. Nikakuta wanawake wamejipanga mbele ya mlango, wamevaa nyeusi, wamefunga saumu, hata vikongwe wa kushikwa mkono. Ratiba amesimama kizingitini, amekiziba.

"Pole, Ratiba. Pole kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

Yule mwanamke akababaika. Ratiba hakusogea.

"Wa... wa Wahiba."

Ndipo akampisha. Akaja wa pili, akaulizwa vilevile. Kila mmoja alilipa jina lile mlangoni, jina lisilotamkwa kijijini kwa miaka arobaini na moja, na mimi nimesimama kando ya ukuta nalia kama mtoto. Wa mwisho alikuwa Mabruka, mjane wa Dahi, ameegemea fimbo.

"Msiba wa nani?"

"Wa Wahiba," Mabruka akanong'ona.

"Sikusikia."

Mabruka akavuta pumzi, akalitaja kwa nguvu mpaka bata wakakurupuka uani. Ratiba akamshika mkono, akamwingiza ndani.