Difu ya Kubebea Mbaazi

Gari aliloniachia marehemu baba ni saluni, gari dogo la familia, kuukuu kunishinda mimi, na nalipenda kwa ukaidi. Lakini barabara ya Mombasa ilikuwa inalivua nguo. Likifika themanini, injini inalia kama posho mill ya kusagia mahindi, na malori yenye mizigo yananipita yakinipigia honi. Nilichoka kudharauliwa.

Fundi wangu pale Mukuyuni aliingia chini ya gari, akatoka akipangusa mikono. Tatizo ni difu, akasema, lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ya baba ilikuwa ya milima: gurudumu likizunguka mara moja, shafti inayotoka kwenye injini inazunguka mara nne na nusu. Ndiyo maana gari lilipanda popote, na ndiyo maana kwenye lami injini ilikuwa inajiua bure. Yeye alikuwa na nyingine ya mara tatu na nusu, ameitoa kwenye gari lililokufa.

"Hii kwa highway itateleza tu," akasema. "Lakini kwa mlima itakuwa nzito. Wewe hubeba nini?"

"Mimi na begi yangu."

Nilisema hivyo bila haya. Nyumbani kwa mama ni bondeni, ng'ambo ya mto. Kuingia ni kuteremka, kutoka ni kupanda mlima wa mawe. Na sijawahi kutoka huko mikono mitupu. Mbaazi, ndengu, maembe, kuku aliyefungwa miguu. Mama ana miaka sabini na kitu, hataki kutunzwa na mtu, na kunipakia chakula ndiyo njia aliyobaki nayo ya kuendelea kunilea. Mzigo wote huo sikuuhesabu.

Difu hiyo ilipofungwa, lami niliifurahia, siwezi kukataa. Injini ilitulia, nikasikia redio, nikapita malori mawili na kuyapigia honi vilevile.

Jumapili iliyofuata nilikuwa bondeni; tulipotoka kanisani, mama akapakia gunia la mbaazi na mawili ya maembe. Katikati ya mlima gari likazima. Nikajaribu mara tatu, klachi ikaanza kunuka. Ikabidi niyashushe magunia mbele ya macho ya mama, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, na kuyarudisha nyumbani mgongoni, moja baada ya jingine. Gari tupu likapanda bila shida, lisilo na adabu hata kidogo.

Mwezi uliofuata alinipa ndengu kwenye mfuko mdogo, kikombe kimoja hivi.

"Hii haitasumbua gari yako," akasema.

Hakuwa amekasirika. Angekasirika ningepata nafuu. Alikuwa tu ameamua kwamba sihitaji vyake tena, na nilipofika barabarani nililia, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilirudi kwa fundi nikamweleza ukweli wote. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Akatafuta wiki mbili, akapata difu ya katikati, karibu mara nne.

"Highway utasikia kelele kidogo," akanionya. "Vumilia."

Nikavumilia hadi bondeni. Tulipomaliza chai nikamuuliza mama, "Mwaitu, kwani mbaazi ziliisha?"

"Ziko. Lakini gari yako…"

"Lete zote."

Alinitazama kwanza, kisha akaingia ghalani akiita jirani aje kumsaidia kubeba. Walipakia mpaka springi zikalala. Nikaanza mlima kwa gia ya kwanza, polepole, nikiomba, macho mbele tu. Gari likanguruma, likatetemeka, lakini halikusimama. Kule juu nikavuta breki ya mkono na kushuka ili nimpungie mkono mama aliyeko mlangoni.

Hakuwa mlangoni. Alikuwa hatua kumi nyuma ya gari, anahema, amekumbatia jiwe kubwa kifuani. Alikuwa amenifuata nalo mlima mzima, ili alizuie gurudumu endapo gari lingerudi nyuma.

Akalitupa kichakani, akapangusa mikono kwa leso, akaniambia niende kabla jua halijawa kali.