Niliwafukuza Ng'ombe Kwenye Ukuta wa Lambo

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia! Mhariri nimemwomba asiandike jina langu, ingawa nyinyi jirani zangu wa huku upande wa Kolandoto mtanijua kabla hamjafika katikati. Basi chekeni kimyakimya.

Mimi ni mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya Mtemi. Malambo yetu ya kunyweshea ng'ombe tulikuwa tunayachimba wenyewe. Napiga ngoma, vijana wanakuja na majembe na nyimbo zao, na udongo ukishapandishwa kuwa ukuta, ng'ombe wa kijiji kizima wanapitishwa juu yake, huku na huko, mpaka unashindiliwa ukawa mgumu. Nami niliwaswaga hivyo nilipokuwa mchungaji.

Kisha serikali ikatuletea neno jipya: kontrakta! Bwana Shauri, mkuu wa serikali wilayani, alitueleza barazani kwamba kazi ya umma sasa inaweza kupewa mtu binafsi mwenye lori, iishe upesi, wananchi wapumzike. Nilifurahi kupita kiasi. Kubembeleza vijana kulikuwa kumenichosha, na ngoma yenyewe ilikuwa imepasuka. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Bwana kontrakta alikuja na lori, kofia ya helmeti na maneno mengi. Alinikalisha kiti cha mbele, tukazunguka kijiji mchana kutwa bila kubeba kitu. Jamani, kiti kile! Kilinilevya kuliko pombe. Nikawa nawapungia mkono watu niliozaliwa nao.

Udongo ulipokwisha kupandishwa, alifika shemeji yangu Ng'wandu, kaka wa mke wangu na kiongozi wa vijana wa kazi, akiswaga kundi lake.

"Mwangaluka, shemeji. Nimeleta ng'ombe wakanyage ukuta. Udongo bado tifutifu."

Kontrakta akakunja pua. "Mwanangwa, hii ni kazi ya kisasa. Watanichafulia."

Na mimi nilijua! Nilijua kabisa Ng'wandu anasema kweli. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti. Nikatoa kichwa dirishani, nikasema, "Ondoa mifugo yako, Ng'wandu. Zama za kwato zimekwisha."

"Haya, mkubwa," akajibu. "Lakini wa kwako nao wanakunywa hapa hapa."

Vibarua wakaupigapiga ukuta kwa migongo ya sepetu. Bwana Shauri akaja kuukagua, akaniuliza kama uko imara. Nikaupiga teke dogo la kiungwana. "Chuma, Bwana!"

Mvua kubwa ya kwanza, chuma kikayeyuka! Maji yote yakaenda zake, yakaanza na shamba langu la pamba, yakatuachia matope na vyura. Kontrakta alikuwa ameshakwenda Geita, amepewa barabara ya kule machimboni. Nayo nasikia ni chuma.

Kiangazi tulinywesha mbali mno. Fahali wangu mweupe alianguka njiani, mke wangu Mama Masunga akihangaika kumwinua. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Masunga, lile lori lako lingembeba." Heri angenipiga! Nimeona haya mpaka leo.

Nikaenda kwa Ng'wandu kuomba vijana wajenge upya. Wakanitoza faini kwa desturi yao, ng'ombe wa karamu, na sharti juu: siku ya kushindilia, nami nikanyage. Basi mwanangwa mzima, suruali imekunjwa magotini, nilikwenda huku na huko nyuma ya mikia, samadi ikinirukia, vijana wakiimba "Chuma, Bwana!" mpaka sauti zikawakauka. Watoto wanauimba wimbo huo hadi sasa nikipita.

Ukuta ule haujavuja.

Ndugu zangu, sisemi kila kontrakta ni mwizi. Wangu hakuiba hata sepetu. Ila mkiletewa bwana wa lori barazani, msihangaike kuhesabu matairi yake kama mimi mjinga. Mwulizeni ng'ombe wake watakunywa lambo gani.