Mguu wa Jioni

Siku Nestory aliponifukuza nilitoka pekupeku. Nilikuwa uani nikigeuza mpunga kwa miguu juu ya turubai, na ndala zangu nilikuwa nimeziacha ndani, karibu na kizingiti. Akafunga mlango. Nilidhani anatania. Nikagonga, nikamwambia, "Baba Precious, basi nipe hata ndala." Akanijibu dirishani kwamba hata hizo alinunua yeye. Miaka ishirini na mmoja ya ndoa, na mwanamke mwingine alikuwa tayari jikoni anakoroga uji kwenye sufuria yangu. Nilitembea hadi Usagara, inakopita lami, changarawe zikinila nyayo, na kila niliyepishana naye alinitazama miguu kwanza, uso baadaye.

Huu ni mwaka wa sita. Sijamsamehe, na anayetafuta msamaha humu asipoteze muda wake.

Ninakaa Buhongwa. Ninapika ugali na samaki kando ya barabara ya Shinyanga, na binti yetu Precious anasuka nywele mlango wa tatu kutoka kwangu. Shule sikusoma. Baba alisema ng'ombe hawajichungi wenyewe, kwa hiyo kaka zangu wakaenda darasani, mimi nikaenda machungani.

Machi mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea, Bernadeta alinipigia simu. Tulikuwa majirani kule kijijini, na sasa ni mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji.

"Paskazia, kama umeshika sufuria, weka chini."

"Nimeweka."

"Nestory anauza majaruba ya mpunga."

Nilikaa juu ya ndoo. Shamba la juu alirithi kwa baba yake, siligusi. Lakini bonde la chini, linalopeleka maji ziwani, lilikuwa matete matupu nilipoolewa. Mimi ndiye niliyelifungua kwa jembe misimu minne, yeye akiwa kibarua kwenye kiwanda cha pamba mjini. Kila tuta la majaruba yale lilipita mikononi mwangu.

"Anasema ni ya baba yake pia," Bernadeta akaendelea. "Nimekuombea nafasi. Baraza linakaa Jumanne ijayo. Ila mwenyekiti amechoka na karatasi za kughushi. Kila mmoja atauzunguka mpaka kwa miguu yake na kuonyesha pembe zote nne. Kuonyesha kwa kidole hakutakiwi."

"Na nisipofika?"

"Usipofika huna shamba."

Kutoka Usagara pikipiki inakufikisha kwenye kalavati lililobomoka. Baada ya hapo ni mwendo wa saa mbili kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaoshika mguu kama deni, halafu uzunguke mpaka, halafu urudi siku hiyo hiyo. Kwa hiyo nikaanza kufikiri viatu.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa njia ya kwetu. Usukumani mtu akienda gulioni unampa kijiti ulichokikata kwa urefu wa mguu wako, naye anakununulia viatu wewe ukiwa nyumbani. Rafiki yangu Mwanabaraka anauza viatu vya mtumba na huenda kuchagua mjini alfajiri, wakati mimi siwezi kuacha masufuria. Basi asubuhi, nikiwa bado nimekaa kitandani, nikaweka mguu sakafuni, nikavunja bua la mtama kwa urefu wake, nikampelekea.

"Unataka kiatu cha aina gani?" akaniuliza.

"Cha kumfanya Nestory ajute."

"Hiyo si aina ya kiatu, shoga yangu, hiyo ni aina ya ugonjwa." Akacheka mpaka akashika meza. "Lakini nitakutafutia."

Akaniletea viatu vyeusi vinavyong'aa, vya kisigino kifupi, na kifungo cha rangi ya dhahabu pembeni. Bua liliingia ndani na kutulia kama limezaliwa humo. Nilivivaa asubuhi, vikanikaa.

"Akikuona ataomba maji ya kunywa," alisema Mwanabaraka.

Jumapili nikavivaa kwenda kanisani Mkolani, kwa miguu, ili vinizoee. Wakati wa sadaka vidole vilikuwa vinawaka moto. Nilipotoka sikufika hata barabarani, nikavivua na kuvishika mkononi. Kisigino cha kulia kilikuwa na malengelenge mawili, moja limekwisha pasuka. Zilibaki siku mbili.

Precious alinipa raba zake, hazikuingia. Nikafikiria yeboyebo za plastiki, lakini nalijua tope la mbuga. Linavua yeboyebo na kukuachia mguu mtupu. Pekupeku nilikwisha tembea mara moja kwa ajili ya mwanamume yule, na nilikuwa nimeapa haitatokea tena.

Hapo stendi ya Buhongwa yupo fundi viatu anaitwa Muhidin. Anakata makatambuga ya tairi. Kila siku anakula kwangu na kila siku analalamikia chumvi. Miaka sita nimepita mbele ya kibanda chake bila kununua, na sababu naijua. Nilipoolewa nilikuwa nimevaa makatambuga. Nestory alipoanza kupata marafiki wa mjini, alikuwa akinionyesha miguu mbele yao na kusema, "Nimeoa mchunga ng'ombe." Wakacheka. Mimi nikawaandalia chakula.

Jumapili ile, nikichechemea, nilisimama mbele ya kibanda.

"Mama Precious," Muhidin akasema, akitazama viatu mkononi mwangu, "leo umekuja na miguu miwili au minne?"

"Acha maneno, fundi. Nina safari Jumanne."

Nikamweleza yote, na bua, lililokuwa bado ndani ya kiatu, nikamwonyesha. Akaligeuza geuza.

"Ulipima saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Umesimama?"

"Nimekaa kitandani."

"Basi ulimpimia mtu mwingine viatu. Mguu wa asubuhi bado umelala. Wa jioni umesimama kutwa, umebeba mzigo, umevimba, umetanuka. Sasa wewe utasafiri na upi?"

Nikaitazama miguu yangu.

"Halafu kijiti kinajua urefu tu. Upana atakiambia nani?" Akalivunja bua vipande viwili na kulitupa. "Nenda kapumzike. Kesho pika kama kawaida. Ukimaliza kazi, kabla hujakaa, njoo."

Jumatatu nikapika. Jua lilipoanza kushuka nikaenda, miguu imejaa kama andazi. Muhidin akatandika boksi chini na kuniambia nisimame, tena nijitwike ndoo ya maji. Watu wa stendi wakaanza kusogea.

"Fundi, unamposa au unampima?" mmoja akauliza.

"Nampima. Kuposa ni baada ya kupunguza chumvi."

Nilicheka, na ndoo ikanimwagia. Akachora mguu mmoja, akachora wa pili. Wa kushoto ulikuwa mkubwa kuliko wa kulia. Nimetembea nayo miaka arobaini na saba na sikuwahi kujua. Mbele ya vidole akaacha nafasi ya kidole kimoja, akasema mtu akiteremka mguu unakimbilia mbele. Mikanda akaikata kwenye mpira wa ndani wa tairi, mpira laini usiokunywa maji. Ule wa nyuma akaupandisha juu ya kidonda ili usikiguse. Upande wa tairi wenye meno akauweka chini.

Alipomaliza hakuniruhusu hata kukaa. Nyuma ya kibanda kuna jabali, na Mwanza jabali halitafutwi. Akaniambia nipande na kushuka.

"Kidole kinagusa mbele?"

"Hakigusi."

"Kisigino kinachomoka?"

"Kidogo."

Akakaza mkanda, nikapanda tena. Safari hii kiatu kilinifuata kama mbwa wa nyumbani. Nikasimama pale juu, na aibu ikanirudia.

"Watanicheka, Muhidin."

"Nani?"

"Nestory."

"Kwani safari yako ni ya kwenda kwa Nestory au ya kwenda shambani?"

Nikashuka. Viatu vya kifungo cha dhahabu nilimrudishia Mwanabaraka jioni hiyo hiyo. Alivipokea bila kununa, akasema vitampata mwenye mguu mvivu.

Jumanne nilifika kwenye kalavati asubuhi, nikafunga kidonda kwa kitambaa, nikatembea. Tope lilishika, mikanda nayo ikashika. Nilipitia mtoni, maji yakaingia mbele na kutokea nyuma, na baada ya hatua ishirini miguu ilikuwa imekauka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilitembea nikitazama mawingu na mashamba ya watu badala ya kutazama nilipokanyaga. Mtama ulikuwa umefika kiunoni.

Baraza lilikuwa limekaa kwenye mabenchi nje ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, Mzee Yeremia, nikampigia magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu, baba."

Nestory alikuwa amesimama pembeni. Amenenepa. Amevaa suruali ya kupiga pasi na moka zenye ncha, zimeng'arishwa, kwani mnunuzi wake alikuwa anakuja mchana. Alinitazama kuanzia chini, kama nilivyojua atafanya.

"Miaka sita mjini," akasema kwa sauti, "umerudi na makatambuga yale yale?"

"Yale ulibaki nayo ndani pamoja na ndala. Haya nimenunua mwenyewe."

Bernadeta akakohoa ndani ya kanga yake. Mzee Yeremia akanyanyuka. "Twendeni. Maneno mtayamalizia mpakani."

Nestory alitangulia kuonyesha. Pembe ya kwanza ni kichuguu, akaijua. Ya pili ni kisiki cha mkuyu, akaijua. Ya tatu ni mnyaa mkubwa kando ya njia ya ng'ombe, na hiyo hata mgeni angeijua. Ilipofika ya nne akasimama. Mbele yetu palikuwa na maji, na matete katikati yake.

"Mpaka ni pale," akasema, akanyoosha mkono.

"Nenda tupaone," Mzee Yeremia akamwambia.

"Mzee, pana maji."

"Hata siku ya kulima yalikuwepo."

Akaenda hatua mbili. Ya tatu mguu ulitoka, kiatu hakikutoka. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, akiinama kukitafuta kiatu kwa mkono, na wajumbe wakageukia upande mwingine kwa heshima ya uongo. Akarudi na soksi inayochuruzika.

"Ni kwenye matete yale," akasema. "Nimeshaonyesha."

Zamu yangu ikafika. Kama pembe ile ningeikosa, jioni hiyo majaruba yangekuwa ya mtu mwingine, na mimi ningerudi Buhongwa kuwapikia watu ugali hadi nizeeke.

"Baba," nikamwambia mwenyekiti, "matete yanahama kila mwaka. Pembe haiko kwenye matete."

Nikaazima jembe la mjumbe mmoja, nikasimama kwenye mnyaa, mgongo wangu ukiuelekea, nikaanza kuhesabu hatua. Siku ile nilipopima shamba nilihesabu hatua sitini, nikiwa na Precious tumboni. Maji yakafika magotini. Chini palikuwa panateleza, meno ya tairi yakauma udongo. Nilipofika sitini nilikanyaga kitu kigumu kidogo, kituta kilichobaki juu ya maji kama mgongo wa kiboko. Nikapiga jembe mara tatu, mara nne. Hakuna kitu. Nyuma yangu nilisikia Nestory anacheka.

Nikakumbuka kwamba nilipima nikiwa na mimba, na mwenye mimba hatua zake ni fupi. Nikarudi nyuma hatua tatu kwenye kituta kile kile, nikapiga jembe. Udongo ulitoka mweusi zaidi ya mweusi.

"Bernadeta!" nikaita. "Njoo utazame!"

Akakunja kanga, akaja na ndala mkononi. Nikamwekea kiganjani vipande vya mkaa, na shingo ya mtungi wangu uliovunjika iliyokuwa chini yake. Nilivifukia siku ile ya kupima, kama Mama alivyonifundisha: mnyaa hung'olewa, jiwe huhamishwa, mkaa hauozi. Bernadeta akarudi navyo mpaka kwa mwenyekiti, maji yakimchuruzika.

"Nestory," Mzee Yeremia akauliza, "ulijua kuna mkaa pale?"

Nestory alikuwa anakamua soksi.

"Baba yako aliufukia?"

Akaikamua tena soksi ile ile.

Wakaandika hapo hapo, juu ya goti la katibu. Shamba la juu ni la Nestory. Majaruba ya chini ni ya Paskazia aliyeyafungua, na hayauzwi bila yeye. Nestory alitia saini kwa sababu wazee wa ukoo wake walikuwa wanamtazama. Mimi niliweka dole gumba. Mnunuzi alipofika alikuta tunaagana.

Nilirudi kwenye kalavati jua likiwa bado juu ya ziwa. Kidonda kilikuwa kama nilivyokifunga asubuhi.

Sasa ninajiandaa kupandikiza mpunga, na Precious amesema atafunga saluni wiki moja aje kunisaidia. Jana alinipa kijiti nimpelekee Muhidin. Muhidin alikitazama, akakitia kwenye moto anaopashia gundi yake.

"Mwambie aje mwenyewe," akasema. "Jioni. Akitoka kusuka, kabla hajakaa."