Nilimwita Kliniki Mtoto Aliyekwishazikwa

Niseme ukweli: mkosaji ni mimi. Nesi aliyefukuzwa hakukosea chochote. Nimelibeba hili mpaka chakula hakipiti.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye zahanati moja binafsi hapa Morogoro. Kumbukumbu za wagonjwa tulikuwa nazo kwenye mashine ya ofisini, na nakala yake ilikuwa klaudi, yaani kwenye mashine za kukodi kupitia intaneti, mbali kabisa, ili siku maji ya mlimani yakiingia ofisini, ile nakala iwashwe na kazi iendelee. Mimi ndiye niliyekuwa nikiijaribu mara kwa mara, nione kama kweli itaamka.

Sharti la jaribio ni moja: kabla hujaiwasha, unaifungia kwenye mtandao wake peke yake, isiwasiliane na mtu. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Nikasema aah, dakika tano tu! Nikaiwasha hivyo hivyo.

Ikaamka. Nikafurahi, mjinga mimi! Kumbe ilikuwa imekwama, haijapokea mabadiliko kwa wiki tatu. Waliofariki ndani ya wiki hizo, kwenye nakala ile walikuwa bado wazima. Ikaanza kuwatumia wazazi ujumbe wa kliniki. Niliposhtuka nikaizima, nikadhani yameisha.

Kesho yake asubuhi akaja mama kutoka Mkuyuni na mumewe. Nilikuwa pale mapokezi natengeneza printa. Akampa nesi simu asome: "Mlete Shabani kliniki kesho saa mbili. Usikose."

Hakulia. Alisema taratibu, "Sista, Shabani tumemzika. Wewe mwenyewe ulinipa pole. Sasa nimlete yupi?"

Ee Mungu wangu! Swali lile!

Mumewe ndiye aliyefoka mpaka bosi akatoka. Nesi akaapa kwamba jina lile alishalifuta. Bosi akanigeukia, "Hebu angalia, lilifutwa lini?"

Nikaangalia. Lilikuwa limefutwa siku ileile mtoto alipofariki. Nikajibu, "Limefutwa leo, bosi. Baada ya ujumbe kwenda."

Nilitamka hivyo kwa mdomo wangu huu!

Jioni nesi akanifuata nje. "Kaka, kweli sikumfuta? Mbona nakumbuka nilimfuta huku machozi yananitoka?"

"Labda ulidhani umemfuta, dada."

Wiki hiyo hiyo wakamwachisha kazi.

Nilivumilia miezi minne. Mlio wa ujumbe ukiingia kwenye simu, hata ya mtu mwingine, mwili unanisisimka. Mwishowe nikamwambia bosi yote. Kazi nikapoteza, na nesi akaitwa arudi. Akakataa! Nikamfuata nyumbani kwake Mwembesongo, nikapiga magoti.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alisema, "Siku hizi nikifunga mlango narudi mara tatu kuangalia kama nimeufunga. Nikishika sindano ya mtoto wa mtu, nitajuaje kama dozi nimeisoma sawa? Nenda, kaka."

Kwa mama wa Mkuyuni bado sijaenda. Mara mbili nimefika stendi, nikarudi.

Ndugu zangu mnaoshika mashine za watu, nakala ifungieni kwanza, hata kama ni jaribio la dakika moja. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo! Kazi utapata nyingine. Ila mtu ukishamfanya aishuku akili yake mwenyewe, hakuna pa kwenda kumchukulia nyingine.