Mrija Namba Saba

Kwa miaka ishirini na sita fundi wa maabara yetu amekuwa na sheria moja: mrija wa kioo uliopimwa ukiwa na kiyeyusho kitupu, yaani kimiminika cha kuyeyushia, ndio huohuo utakaotiwa polima. Kila mrija ameuandika namba kwa wino mwekundu, ndiyo maana tunamwita Mama Mrija. Nyumbani kwake hata vikombe vina namba, kila kimoja na mwenyewe. Mumewe husema naye kaandikwa namba, ila bado hajaiona.

Mwezi uliopita aliomba ruhusa ya siku tatu kumuuguza mkwewe. Aliporudi, alimkuta mwanafunzi wa uzamivu akitabasamu peke yake. Kijana alikuwa amepitisha eksirei kwenye polima yake, akapima zinavyotawanyika katika pembe ndogo, na mstari wa grafu ukateremka taratibu. Mteremko wa namna hiyo maana yake molekuli za polima, ambazo ni ndefu kama minyororo, zimenyooka kama fimbo. Wote waliotangulia walizikuta zimejikunja kama uzi uliotupwa sakafuni. Ungekuwa ugunduzi, na kesho yake asubuhi angeutetea mbele ya watahini.

Mama Mrija hakutazama grafu, alitazama kibao cha mirija. Akauliza kiyeyusho, ambacho kipimo chake hutolewa kwenye kile cha polima ili ibaki polima peke yake, kilipimwa kwenye mrija upi. Namba tatu, kijana akajibu. Na polima? Namba saba.

“Mwanangu, saba ina kioo kinene. Kioo kilichozidi umekihesabu kama polima.”

Kijana akabisha kwamba tofauti yenyewe hata kwa macho haionekani. Mama Mrija akamwambia eksirei hazina adabu ya macho, zinaona kila kitu.

“Sasa Mama, fimbo ikipotea, kesho nasimama na nini?”

“Na kilichomo ndani ya mrija. Lete kiyeyusho, mchana bado mrefu.”

Mama Mrija akauosha mrija namba saba mara tatu, akaukausha, akaujaza kiyeyusho kitupu, akaupima. Saa kumi jioni kijana alirudia hesabu. Mstari ukainama mara mbili ya ule wa kwanza. Polima ilikuwa uzi, si fimbo.

Asubuhi mtahini mmoja akamuuliza ana hakika gani kwamba si fimbo. Kijana akaweka grafu zote mbili ukutani, akaeleza kosa lake mwenyewe bila kigugumizi. Wakampitisha.

Aliporudi maabarani alikuta kikombe kipya mezani kwake, kimeandikwa saba kwa wino mwekundu.