Chakula cha Watu Wawili Ndani ya Basi la Homa Bay

Aliyeniondoa nyumbani ni mjukuu wangu Akinyi. Lakini sababu ya kukubali ni kwamba nilitaka, mara moja kabla sijafa, kumwona mume wangu akila.

Msinicheke. Nyinyi wa rika langu mnaijua desturi yetu Wajaluo: chakula cha wanaume kinapelekwa kwenye nyumba yao, sisi na watoto tunakula jikoni. Miaka arobaini nimempikia Baba Otieno na sijawahi kumwona akitia tonge mdomoni. Nilichokuwa naona ni sahani tu, zikirudi tupu, safi kabisa. Sahani hizo ndizo zilikuwa cheti changu, maana cha shule sina. Niliwaonyesha wake za wanangu: tazameni, mzee hajaacha hata mfupa.

Akinyi nilimfundisha kupika mimi mwenyewe, sasa ni mpishi wa hoteli moja Homa Bay. Mwenye hoteli alinunua basi kuukuu, akang'oa viti, akaweka meza ndogo za watu wawili wawili, akakata paa na kuweka turubai la kukunja. Jioni basi linazunguka mji polepole, mtu na mpenzi wake wanakula huku wakitazama ziwa. Akinyi alikuja mwenyewe kutuambia. "Dani," akasema, maana ndivyo wajukuu wanavyoniita, "wewe na Babu mtakula Jumamosi. Mwenye hoteli amekubali. Nitapika mimi, na yeye ataangalia sahani zikirudi, ajue kama naweza kazi."

Baba Otieno alikataa siku tatu. Siku ya nne akaniambia nimpigie koti pasi.

Jumamosi asubuhi, Migori. Salim anayeuza vitambaa karibu na soko alikuwa anapeleka mzigo Homa Bay kwa pikapu yake, akatukaribisha mbele. Mungu ambariki, hakutaka kitu.

"Mama, mnaenda hospitali?" akauliza.

"Tunaenda kula."

"Safari yote hii, kula tu?"

"Mume wangu ananitembeza."

Baba Otieno akatazama nje kama mtu aliyesingiziwa wizi wa ng'ombe.

Awendo tulikwama nyuma ya trekta za miwa, Salim akazima injini, tukangoja tukinusa ule utamu. Tulipofika Rongo nilinunua njugu za kukaanga, nikammiminia Baba Otieno kiganja kizima. Akazitia mfukoni.

"Nitakula baadaye," akasema.

Nikajisemea moyoni, hata njugu sasa zina desturi?

Saa kumi na moja jioni, Homa Bay. Basi lilikuwa limeoshwa mpaka unajiona. Kila meza ilikuwa na kitambaa cheupe, maua kwenye chupa ya soda, na mshumaa unawaka jua bado liko juu. Nilimuuliza Akinyi nani amekufa. Akacheka, akatuketisha mimi na mzee uso kwa uso, magoti yanagusana. Mzee macho yote nje, mimi macho yote kwake.

Basi likaanza kutambaa, likapita soko, likaelekea chini ya mlima Asego. Akinyi akaleta supu. Baba Otieno akainywa yote. Moyo wangu ukaruka.

Kisha ikaja nyama ya mbuzi ya kuchoma, yake, na samaki ngege mzima, wangu. Uma zilikuwa nyingi kuliko watu. Baba Otieno aliitazama ile nyama muda mrefu. Halafu akasimama na sahani yake.

"Nyar Karungu," akaniita. Ndivyo anavyoniita, binti wa Karungu, kwa sababu ndiko alikonioa. "Supu ni kinywaji. Nyama ni chakula. Mwanaume anakula na wanaume."

Akaenda mbele, akaketi karibu na dereva. Watu wa meza nyingine wakageuka kutazama. Nilibaki peke yangu kwenye meza ya wapenzi, mimi na mshumaa.

Akinyi akaja mbio. "Dani, Babu hapendi chakula changu?" Machozi yalikuwa karibu.

"Rudi kazini," nikamwambia. "Chakula chako hakina kosa."

Lakini mimi pia sikujua kosa liko wapi. Nilikaa nimekasirika, nikiangalia mbele, na hapo ndipo nikakiona kioo kikubwa juu ya kichwa cha dereva. Ndani yake kulikuwa na uso wa mume wangu.

Alitia nyama mdomoni. Akaipeleka kushoto, akaipeleka kulia. Uso ukakunjamana. Akatazama huku na huku, akaitoa, akaifunga kwenye kitambaa cheupe cha hoteli, akaitia kwenye mfuko wa suruali. Akachukua kipande kingine, akafanya vilevile.

Meno sita ya chini mbele tuling'olewa sote tukiwa vijana, mimi na yeye, ilikuwa desturi. Hayo nayajua. Ya nyuma ndiyo sikujua. Ya nyuma hayakuwepo.

Akainua macho, tukakutana kiooni. Sikuweza kugeuka, naye hakugeuka. Kisha akarudi na sahani yake, akaketi.

"Umeona," akasema.

"Nimeona. Tangu lini?"

"Miaka. Moja moja."

"Na nyama zangu zote? Na mahindi ya kuchemsha?"

"Mbwa."

"Ndiyo maana amenona kama nguruwe."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

Akavuta kitambaa cha meza. "Ulikuwa unafurahi sana sahani zikirudi tupu."

Nilikuwa nimekuja kumlaumu, kumbe mtu amelala njaa ili nijisifu. Niliziacha uma, nikamchambua ngege kwa vidole, mwiba baada ya mwiba, nikasukuma ile minofu upande wake. Nikachukua nyama yake. Mimi magego bado ninayo. Basi lilikuwa limefika gatini, Akinyi akakunja turubai, upepo wa ziwa ukazima mshumaa, na Baba Otieno akala mbele yangu. Anakula polepole, na akipata kitu kizuri anafumba jicho moja. Miaka arobaini sikujua.

Mwenye hoteli aliziona sahani mbili tupu, akampongeza Akinyi. Sikumweleza nani alikula nini.

Jumapili tulirudi na Salim. "Chakula kilikuwaje?" akauliza. Baba Otieno akamjibu kabla yangu: "Mke wangu anajua kuchambua samaki."

Ninachoweza kuwaambia nyinyi mliobaki ni hiki: sahani tupu inasema chakula kimekwisha. Haisemi nani alikula. Namshukuru Mungu, na mjukuu wangu, na kile kioo.

Jumatatu nilichukua lile koti nilifue. Njugu za Rongo zilikuwa mfukoni, zote. Nikazisaga laini kwenye jiwe, nikaunga mboga. Jioni nilikuwa nimeshampakulia, nataka kupeleka, nikaona kivuli mlangoni. Baba Otieno alikuwa amebeba kigoda chake mwenyewe. Akakiweka karibu na mafiga.

"Watu watasema," nikamwambia.

"Waseme. Nipe mboga."

Mbwa akaja akakaa kizingitini, akatungoja. Akangoja sana. Mwisho akaenda zake.