Shilingi ya Malkia Viktoria Iliyosuguliwa kwa Limau

Waheshimiwa marafiki wakusanyaji wa sarafu, leo shangazi yangu ameisugua sarafu yangu ya fedha kwa limau na chumvi.

Ni shilingi ya enzi za Malkia Viktoria. (Tafadhali zingatieni: weusi wake wa kale ndio uliokuwa thamani yake.)

Shangazi Zuhura, aliyewasili juzi kutoka Mombasa hadi Sparkhill, mtaa wetu wa huku ughaibuni, hakuniarifu. Aliirudisha kimya kimya kijisandukuni, tukafuatana hadi kwa mkadiriaji wa sarafu.

Nikamsomea maombi yangu ya kurasa mbili, nikiomba sarafu yangu ipewe daraja la juu kabisa la ubora.

Akafungua kijisanduku. Akavua miwani.

"Nani ameisafisha?"

Nikamfasiria shangazi.

"Mimi!" akajibu kwa fahari. "Ungeaibika, mwanangu, kuleta pesa chafu mbele za watu."

Daraja nililopewa: "Imeharibiwa."

Shangazi akachungulia kabati la kioo lenye sarafu za mkadiriaji. "Maskini, na zake zote zimeoza! Mwambie limau zimebaki mbili mkobani."

Nilifasiri kikamilifu, kama ipasavyo.

Mzee wa watu alilifunga kabati kwa ufunguo, kisha akasimama mbele yake.

Sasa tumerudi nyumbani, nami nawaandikia kutoka chooni, nilikojifungia pamoja na sarafu zangu kumi na moja zilizosalia.

Shangazi anabisha hodi.

Naomba ushauri wenu, upesi iwezekanavyo.